Nifokee, Kisha Unisalimie

Wadogo zangu, naandika haya nikiwa kwenye duka letu la steshenari hapa Chemchem, Tabora, kati ya mashine ya fotokopi inayokohoa na Bibi yangu anayesinzia kwenye kiti cha plastiki. Nina miaka thelathini na nne na nimeshastaafu. Chekeni tu. Mstaafu mnayemjua nyinyi ana mvi na mkongojo, mimi bado napaka rangi kucha. Aliyenistaafisha ni sikio langu la kushoto, na habari zake nitawapa.

Wiki iliyopita aliingia msichana mmoja kuchapisha barua ya kuomba kazi ya uhudumu wa ndege. Mimi barua za watu nazisoma wakati nazichapa, ni dhambi yangu ndogo. Kaandika: "Mimi ni mcheshi, ni mrefu, na ninapenda sana kusafiri."

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, kazi yenyewe unaijua?"

"Si kugawa juisi na kutabasamu, dada?"

"Na ndege ikiwaka moto?"

Akanitolea macho. "Dada jamani! Mbona unaniombea mabaya hata barua haijakauka?"

Nilishtuka nikakaa. Maana hayo ya kupenda kusafiri niliyasema mimi pia, miaka mingi iliyopita, na nusura yanirudishe Tabora kabla sijapanda hata ngazi ya ndege. Sasa kwa kuwa mnakuja wengi na barua zenu, acha niwaeleze mara moja wote.

Mimi nimelelewa na Bibi Nyamizi, huyu anayekoroma hapa. Mnajua kwetu msichana hamsalimii mkubwa akiwa wima kama nguzo ya umeme. Unapiga goti. Ukimpa mzee maji, mikono miwili, macho chini, sauti chini. Siku nikijibu mtu mzima kwa sauti ya juu, Bibi ananiita ndani na kuniuliza taratibu, "Rehema, umemeza spika?" Basi siku hiyo hata paka sitamfukuza kwa sauti. Nikakua hivyo. Nikamaliza kidato cha nne na alama za kawaida tu, Kiingereza cha kubahatisha, lakini ndoto zangu hazikuuliza alama. Kila ndege ikipita juu ya mji nilikuwa nasimama uani na beseni la nguo, nawapungia mkono watu ambao hawanioni.

Tangazo la usaili nililisikia redioni. Nikaazima viatu virefu kwa jirani, nikapanda basi mpaka Dar es Salaam, nikijua kabisa kwamba urefu ninao. Nafika, mama mmoja mwembamba aliyevaa miwani ananiambia, "Vua viatu."

"Vyote, madam?"

"Kwani una vingapi?"

Kumbe hawapimi urefu wa kichwa. Kuna alama ukutani, juu sana, unatakiwa uiguse kwa vidole ukiwa pekupeku, kwa sababu vifaa vya kuokolea watu ndani ya ndege vimewekwa juu na moto hausubiri ukatafute stuli. Wasichana waliokuwa warefu kuliko mimi waliishia chini kwa kucha moja. Mimi niliigusa. Si kwa urefu. Likizo zangu zote nilikuwa Goweko kwa mjomba, tunapanga fimbo za tumbaku juu kwenye bani, lile banda la kukaushia, kutwa nzima umesimama kwa ncha za vidole huku mikono iko darini. Mabega yangu yalishafunguka zamani. Kwa hiyo msidharau kazi za nyumbani, hujui ipi itakufikisha wapi.

Halafu maswali. "Kwa nini unataka kazi hii?"

"Napenda kusafiri."

"Basi nunua tiketi." Wasaili wakacheka. Yule wa miwani peke yake hakucheka. Akaniuliza, "Abiria anavuta sigara chooni ndani ya ndege. Ni mzee, sawa na babu yako. Utafanyaje?"

Nikajibu kwa moyo mweupe, "Nitamsubiri amalize, nimsalimie, ndipo nimwambie si vizuri."

Mmoja wao alipaliwa na chai. Mpaka leo sijui kwa nini nilichaguliwa. Mama wa miwani, ambaye baadaye nilimjua kama Madam Stella, mkuu wetu wa mafunzo, aliandika neno moja kwenye karatasi yangu. Nililisoma kwa kupindua shingo. Aliandika: "Tutaona."

Mafunzo nayo yalinishtua kila siku kwa zamu. Wiki ya kwanza nikasubiri tufundishwe kumimina juisi. Wapi! Tulifundishwa kuzima moto. Wiki ya pili tukatupwa kwenye bwawa la kuogelea na maboya. Mimi mtoto wa Tabora, maji nayajua yakiwa kwenye ndoo! Nilimshika shingoni mwenzangu aliyekuja kuniokoa mpaka akaomba aokolewe yeye. Tukafundishwa kumfufua mtu aliyezimia, kufunga mfupa uliovunjika, hata kumzalisha mama njiani. Juisi tulifundishwa siku moja, mchana, nusu saa hivi.

Na ndipo ikaja ile siku yenyewe.

Kuna chumba kilichotengenezwa kama tumbo la ndege. Viti chakavu, mikanda, mlango mzito wa chuma, na moshi wa bandia. Wanafunzi wenzako wanakaa kama abiria, na wafanyakazi wa chuo wakubwa kwa wadogo wanaongezwa kujaza viti. King'ora kikilia, wewe mhudumu unatakiwa uwatoe wote ndani ya dakika moja na nusu. Unatumia sauti. Amri fupi, kwa kufoka: "Fungua mkanda! Acha vitu! Njoo huku! Ruka!" Hakuna tafadhali. Hakuna samahani.

Kiti cha mbele yangu alikaa Mzee Kondo, dereva wa chuo, ndevu nyeupe kama pamba. King'ora kikalia. Moshi ukaja. Nikamwinamia, goti likakunjika lenyewe, nikasema, "Shikamoo baba. Samahani, naomba…"

Na yule mzee, Mungu amweke, akaitikia kwa dhati. "Marahaba mwanangu, hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo baba, wanakusalimu."

Madam Stella akabonyeza saa yake. Moshi ukazimwa. 

"Salamu zimeisha?" akauliza. "Kama zimeisha, naomba mnisikilize. Abiria wote wamekufa. Na Rehema naye amekufa, lakini amekufa na adabu zake."

Watu walicheka wakashika mbavu. Mimi nilisimama pale nimeganda, mikono bado nimeikunja kifuani. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba heshima inaweza kuua mtu. Usiku mmoja tu uliopita nilikuwa najiona hodari.

Mara ya pili nikajitahidi. Nikafoka kadiri nilivyoweza. Madam Stella akatikisa kichwa. "Hiyo sauti ni ya kwenda kuomba chumvi kwa jirani." Akaniita pembeni, na hapo hakuwa mkali, na ndiyo maana iliniuma zaidi. "Rehema, Ijumaa ni mara ya tatu na ya mwisho. Ukishindwa, utarudi kwenu. Sina ubaya na wewe. Lakini siwezi kuwaweka watu kwenye mikono ya mtu anayeogopa kuwaamuru."

Ilikuwa Jumatatu. Jioni nikampigia Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Unalia?"

"Sili… silii, Bibi. Wanataka niwafokee wazee."

"Wazee wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu. Ndege inawaka moto."

"Ndege inawaka moto, na wewe badala ya kuwatoa unawafokea?"

"Ndiyo kuwatoa kwenyewe, Bibi! Ukiwabembeleza hawatoki. Nimejaribu mara mbili, sauti inakwama. Ijumaa ikikwama tena narudi nyumbani."

Nikasikia akivuta kiti. Halafu akasema, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya, "Mimi mama mkwe wangu nilimburuta kwa mguu."

"Bibi!"

"Nyumba iliwaka. Tulikuwa na makuti juu. Yeye kang'ang'ania sanduku la nguo zake. Nikamshika mguu nikamburuta mpaka nje, kanga imemvuka, watu wanaona."

Sikuamini masikio yangu. Bibi huyu! Bibi wa "umemeza spika"!

"Ukamwomba radhi?"

"Asubuhi nilipiga magoti nikamsalimia. Akaniitikia. Yakaisha. Kumfokea mtu si kosa, Rehema, kosa ni kumfokea halafu ukapita. Haya, nifokee."

"Siwezi, Bibi."

"Nifokee, kisha unisalimie. Mimi niko tayari, nimekaa kitako."

Nikavuta pumzi. Nikafumba macho. "Fungua mkanda…"

"Sisikii."

"Fungua mkanda!"

"Hiyo ndiyo sauti ya moto? Mimi ningelala."

"FUNGUA MKANDA! ACHA VITU! NJOO HUKU!"

Nikasikia kishindo upande wa pili, kikombe kikianguka, na sauti ya jirani yetu Mama Zawadi ikiingia mbio: "Bibi Nyamizi, nani anakutukana?" Kumbe Bibi alikuwa ameweka simu sauti ya nje, mtaa mzima umesikia.

"Hanitukani," Bibi akamjibu. "Ananiokoa. Kaa nawe uokolewe."

Kisha nikamsalimia, akaitikia. Jumanne tena, Jumatano tena. Alhamisi Bibi ndiye aliyenisahihisha: "Leo hukusema acha vitu. Rudia. Mama Zawadi ameshabeba masufuria yake." Alikuwa amezikariri amri zote kwa mpangilio wake, kuliko wanafunzi wenzangu wengine.

Ijumaa king'ora kilipolia, Mzee Kondo alishatayarisha tabasamu la kuitikia. Nilifoka akaruka kitini, akaacha kiatu kimoja, akawa wa kwanza mlangoni. Tulitoka wote na muda ukabaki. Nilipomaliza nilimfuata nje, nikapiga goti kwenye saruji, nikamsalimia. "Marahaba," akasema, anahema. "Mwanangu, nyumbani hawajambo kweli?"

Madam Stella alipita tu. Akasema, "Huyo sasa."

Niwape mambo mengine kabla sijasahau. Cheti cha kidato cha nne kitunzeni. Kiingereza zungumzeni hata kibovu, kitanyooka. Pasi ya kusafiria iwe tayari. Chuo mnachokwenda kihakikisheni kwanza kwa mamlaka ya usafiri wa anga kama kinatambulika, msimfuate mtu aliyewaambia barazani kwamba ana mjomba kwenye ndege. Jifunzeni kuogelea. Viatu vya kazi nunueni vikubwa kidogo, miguu huvimba juu huko. Na msiruke na ndege mkiwa na mafua. Nasema hili kwa uchungu. Mimi nilikuwa na mafua, nikaogopa kupoteza zamu, nikanyamaza. Ndege ilipoanza kushuka sikio likauma kama limechomwa sindano ya gunia, kisha likatoa maji. Nikalirudia kosa hilo mwaka uliofuata, maana nilikuwa mjinga mwenye bidii. Daktari akaniambia basi. Mwenzenu akisema anaumwa, msimwite mvivu.

Sasa niwaambie kilichonifanya nisijutie hata sikio.

Mwaka wangu wa tano, Bibi alikuja Dar es Salaam kutibiwa macho. Kurudi nikamwombea nafasi kwenye ndege yetu, siku ambayo mimi niko kazini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda. Nikamweka nyuma karibu na kiti changu. Jirani yake alikuwa mkulima wa tumbaku kutoka Goweko, mzee mpana, amepakata saa ya ukutani aliyoinunua mjini, kaifunga kwenye kitenge kama mtoto. Nilitaka kuiweka juu, akanisihi, tukaisukuma chini ya kiti cha mbele. Njia nzima ikawa inagonga kila nusu saa, abiria wanacheka.

"Rehema," Bibi ananiita kila nikipita, "mbona hukai?"

"Niko kazini, Bibi."

"Kazi ya kutembea? Hata ng'ombe hupumzika."

Tukatua Tabora alasiri. Magurudumu yakagusa, kisha pa! Mlio kama wa bunduki. Ndege ikainama upande wa kushoto, ikaburuzika, ikapiga kelele ya chuma, ikasimama. Harufu ya mpira ulioungua ikajaa. Dirisha la kushoto likawa jeusi kwa moshi, na chini ya moshi nikaona rangi ya chungwa.

Rubani akatoa amri ya kutoka.

Wadogo zangu, mimi nilidhani watu watakimbia. Hilo ndilo lililonishtua kuliko moshi. Hakukimbia mtu. Walikaa wananitazama. Mmoja kainua simu anapiga picha. Mwingine kasimama anatafuta begi lake juu, taratibu kama yuko stendi. Wanasubiri waambiwe kwa ustaarabu.

Nikafungua mlango wa kulia. Nikageuka. Macho ya kwanza niliyokutana nayo yalikuwa ya Bibi yangu.

"FUNGUA MKANDA!"

Mkanda wake ulishafunguka. Alikuwa amefungua kabla sijamaliza neno.

"ACHA VITU!"

Bibi akautupa mkoba wake sakafuni, mkoba wenye dawa zake zote za macho. Akamgeukia mzee wa Goweko aliyekuwa ameinama chini ya kiti anavuta kitenge. "Wewe! Amesema acha vitu!"

"Mama, saa yangu mpya…"

"Unataka kujua umekufa saa ngapi? Acha!" Akamshika mkono wa shati akamwinua. Ajabu ni kwamba watu walipomwona bibi kizee amesimama anatii, wakazinduka. Mikanda ikaanza kulia kote, ta, ta, ta. Aliyekuwa anapiga picha akaweka simu mfukoni. "NJOO HUKU! NJOO HUKU!" Sauti ilitoka mahali ambapo hata mimi sipajui.

Bibi akawa wa kwanza kufika mlangoni. Ndege zetu zile za pangaboi hazina mtelezo wa kushukia pale nyuma, unaketi kizingitini na kuruka, na chini zimamoto mmoja alishafika amenyoosha mikono. Bibi akaketi. Akatazama chini. Akanitazama mimi. Nyuma yake watu wamejipanga, moshi unatambaa darini.

"RUKA!"

Hakuruka. Aliogopa. Sikuwahi kumwona Bibi akiogopa.

Nikamsukuma.

Mikono hii hii ninayochapia barua zenu nimeiweka mgongoni mwa mtu aliyenifundisha kupiga magoti, nikamsukuma nje ya ndege kama gunia. Sikupata hata nafasi ya kutazama alivyoangukia. Aliyefuata! Ruka! Aliyefuata!

Tulipofika kwenye nyasi, mbali na ndege, tukahesabu watu. Wote. Kijana mmoja tu alitegua kifundo cha mguu. Moto ulikuwa wa tairi na breki, zimamoto waliuzima upesi. Kukawa na ukimya wa watu wanaojipapasa kuona kama wapo. Na katika ukimya huo, ndani ya ndege tupu, tukasikia saa ya yule mzee ikigonga. Mara moja, ya nusu saa. Mzee wa Goweko akaketi chini akaanza kucheka na kulia pamoja.

Mimi soksi zilikuwa zimechanika, sauti imekauka kabisa. Nikamtafuta Bibi. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, kanga imepinda, mguu mmoja hauna kiatu. Hakutabasamu.

"Rehema."

"Abee, Bibi."

"Umenifokea mbele za watu."

"Ndiyo, Bibi."

"Umenisukuma."

"Ndiyo, Bibi."

Akanitazama tu, kama mtu anayesubiri kitu. Mimi kichwa kilikuwa kimejaa moshi, sikuelewa. Nikafikiri ameumia. Nikafikiri amenichukia. Kisha nikakumbuka.

Nikapiga magoti pale pale, na sare yangu, katikati ya mipira ya zimamoto, abiria wote wanatazama. Sauti ikatoka kidogo sana, ile ya zamani, ya kuomba chumvi.

"Shikamoo, Bibi."

Akaniacha nisubiri kidogo. Ndiyo kawaida yake.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Sasa nitafutie kiatu changu."